Cheti kisiwe picha ya ndege

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, baada ya kilometa kama 40 hivi unakuwa umeingia Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Ukimsikia kondakta anaita "Picha ya Ndege, Picha ya Ndege", usitazame juu angani. Hilo ni jina la mahali, kata nzima ya mji wa Kibaha, yenye nyumba, maduka, shule na bodaboda zisizojua kulala. Leo nataka kuliazima jina hilo kwa dakika chache. Ndege wa kwenye picha ana mdomo, ana mabawa, ana mkia, na pengine rangi zake zinapendeza kuliko za ndege wa kweli. Kasoro yake ni moja tu: haruki.

Msikilizaji wetu mmoja, binti wa huko huko Picha ya Ndege, ameuliza swali ambalo naona ni la maelfu ya wenzake. Alimaliza kidato cha nne akapata alama ya D katika masomo manne. Hakuchaguliwa kwenda kidato cha tano. Akaingia chuo cha maendeleo ya wananchi, akajifunza ushonaji. Baadaye akaenda kusomea maendeleo ya jamii, akapata astashahada, na sasa yuko mwaka wa mwisho wa stashahada. Anataka kusoma shahada ya sosholojia. Swali lake ni hili: "Miaka yangu mitatu ya chuo itahesabiwa chuo kikuu, au nitaanza sawa na mtoto aliyetoka kidato cha sita jana?"

Mimi mwenyewe cheti changu ni stashahada ya uandishi wa habari, kwa hiyo ladha ya swali hilo naijua. Lakini sitaki kumjibu kwa neno moja. Jibu la swali hilo lina historia ya zaidi ya miaka 60, na asiyeijua historia hiyo atadhani anaonewa na karani wa udahili aliyeko dirishani. Karani hana kosa. Jengo lenyewe ndivyo lilivyojengwa.

Tuanze mwaka 1961. Katika mwaka huo wa Uhuru, Tanganyika ilifungua vyuo viwili ambavyo kila kimoja kilikuwa na wazo lake. Kimoja kilikuwa Chuo cha Kivukoni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, upande wa Kigamboni. Kingine kilikuwa chuo kikuu kishiriki, kilichoanza Oktoba na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14, katika jengo la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kamili.

Kivukoni kilikuwa chuo cha watu wazima. Waliokwenda pale walikuwa watu wa vyama vya wafanyakazi, vya ushirika, watumishi wa serikali na wa chama. Walisoma uchumi, siasa na mambo ya jamii bila kuulizwa walifika darasa la ngapi. Mfano wake ulichukuliwa Uingereza, kwenye Chuo cha Ruskin kilichoanzishwa Oxford mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi. Joan Wicken, mama yule aliyekuja kuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi, alikuwa zao la Ruskin, na ndiye aliyehangaika kutafuta fedha za kukijenga Kivukoni.

Sasa angalia tofauti. Kule Oxford, baadhi ya wafanyakazi waliomaliza Ruskin walivuka barabara tu wakaingia chuo kikuu cha mji ule ule kuchukua shahada. Hapa kwetu, kati ya Kivukoni na Mlimani kulikuwa na kivuko cha maji, lakini kivuko cha masomo hakikuwepo. Aliyesoma Kivukoni alirudi kazini kwake akiwa kiongozi bora. Hilo ndilo lililokusudiwa, na halikuwa jambo baya. Nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabu kwa vidole na ilihitaji viongozi wa kesho asubuhi, si wa baada ya miaka sita. Lakini tangu siku ile tukazoea kujenga vyumba viwili bila mlango wa katikati.

Turudi Kibaha. Mwaka 1963 nchi za Nordic, zikiwemo Sweden, Norway, Denmark na Finland, zilianzisha na serikali yetu mradi mkubwa eneo la Tumbi. Palijengwa shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha kufundishia wakulima, vyote mahali pamoja, ili kupigana na maadui watatu tuliowaimba sana: ujinga, umaskini na maradhi. Januari 1970 mradi huo ukakabidhiwa kwa Watanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Watu wengi wakitajiwa Kibaha hukumbuka sekondari yake, ambako vijana wenye akili nyingi kutoka nchi nzima walikusanywa. Hata Rais mstaafu Jakaya Kikwete alisoma pale katika miaka ya 1960. Wachache hukumbuka kwamba kando ya shule hiyo kulikuwa na mkulima mtu mzima aliyekuja kujifunza kufuga kuku na kutia mbolea. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kibaha kimetokana na upande huo wa wakulima.

Basi pale Tumbi, ndani ya ua mmoja, utaona picha ya elimu yetu yote. Huku kijana wa sekondari anayeandaliwa kwenda juu. Kule mtu mzima anayeandaliwa kurudi alikotoka. Wote wanakunywa maji ya bomba moja, lakini mmoja yuko kwenye ngazi na mwingine yuko uwanjani.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Hapa lazima tumtendee haki Mwalimu. Machi 1967 alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alilalamika kwamba shule za msingi zimekuwa mahali pa kuwaandalia wachache mtihani wa kwenda sekondari, wakati walio wengi hawatakwenda huko hata siku moja. Akataka kila hatua ya elimu iwe kamili yenyewe, impe mwanafunzi cha kuishi nacho. Wazo hilo lilikuwa na ukweli mzito, kwa sababu nchi ya wakulima isingeweza kuendesha shule kana kwamba kila mtoto atakuwa bwana mkubwa ofisini.

Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Redio ikapewa kazi yake. Wakubwa wenzangu watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, iliyoandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na kupeperushwa na Radio Tanzania. Watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake. Kiongozi yule aliwajua wanakikundi kwa majina, alijua nani hana choo na kwa nini, alijua mwanamke gani hawezi kusema mbele ya mumewe. Leo mambo kama hayo yanafundishwa chuo kikuu na yanaitwa mbinu za utafiti wa jamii. Wakati ule yaliitwa kazi ya kujitolea.

Matunda yalionekana. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba theluthi mbili hivi ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986 serikali ilitangaza kwamba waliobaki ni chini ya asilimia 10. Lakini aliyejua kusoma atasoma nini, na wapi? Ndipo mwaka 1975 vikaanza vyuo vya maendeleo ya wananchi, kwa msaada wa Sweden. Leo viko zaidi ya 50. Kibaha wanacho, Kisarawe wanacho, na Dar es Salaam kipo Arnautoglu, kwenye ukumbi ule ule ambamo Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa TAA mwaka 1953. Walifundishwa useremala, uashi, kilimo, ushonaji, upishi, na pia uraia na utamaduni. Hapakuwa na mtihani wa taifa. Mtu aliingia, akajifunza, akarudi kijijini kwake.

Mbegu ya vyuo hivi ilitoka mbali. Mwaka 1844 huko Rødding, Denmark, kilifunguliwa chuo cha kwanza cha aina hii, kufuatana na mawazo ya mchungaji Grundtvig. Yeye alitaka shule ya maisha, isiyo na mitihani, ambamo mtoto wa mkulima angezungumza, angeimba na kuifahamu nchi yake. Waswidi wakafuata mwaka 1868. Kwa hiyo hata kule mwanzo wake haukuwa ngazi ya kupandia.

Lakini Waswidi hawakuishia hapo. Kadiri miaka ilivyokwenda, walikubali kwamba mtu aliyesoma kozi ya jumla katika vyuo hivyo na kufikia kiwango kinachotakiwa anaweza kuomba chuo kikuu, naye hutengewa nafasi zake. Tena mwaka 1969 walianza kujaribu utaratibu wa kuwapokea vyuo vikuu watu wenye umri wa miaka 25 na kuendelea waliokuwa na miaka kadhaa ya kazi, hata kama hawakumaliza sekondari ya juu; na mwaka 1977 utaratibu huo ukapanuliwa, miaka 25 ya umri na minne ya kazi. Kwa hiyo sisi tulipokuwa tunapokea chuo cha wananchi kutoka Sweden, wenyewe walikuwa wamekwisha kukitoboa mlango. Tuliazima nyumba, mlango tukauacha kwao.

Mtu ataniuliza: je, sisi hatukuwa na mlango wowote? Tulikuwa nao, tena wa maana. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba wanaomaliza kidato cha sita wasiende chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza wafanye kazi, wapate sifa kwa mwajiri na kwa chama, ndipo waombe. Papo hapo chuo kikuu kilikuwa na mtihani wa kuwapokea watu wazima, wenye umri usiopungua miaka 25, ambao hawakupitia kidato cha sita. Mwalimu wa shule ya msingi, karani, bwana shamba, alijisomea usiku kwa taa ya kandili, akaufanya mtihani huo, na akifaulu akaonekana Mlimani na mvi zake mbili tatu, anabishana na vijana darasani.

Azimio la Musoma lilikuwa na makosa yake. Wasichana walioambiwa wakafanye kazi kwanza waliolewa, wakazaa, na idadi yao chuo kikuu ikaporomoka, hadi ikabidi waruhusiwe kuendelea moja kwa moja. Barua ya sifa kutoka chamani nayo haikuwa mizani ya haki kila mahali. Baadaye sharti lenyewe likaachwa. Hata hivyo wazo moja la Musoma lilikuwa kweli na bado ni kweli: kazi pia ni shule. Mtu aliyeishi miaka mitano na wanakijiji anacho kitu ambacho aliyetoka bwenini hana. Na kama kuna somo moja ambalo ukweli huo unalihusu kuliko mengine, ni sosholojia, kwa maana kitabu chake kikubwa ni watu wenyewe.

Miaka ya 1990 ukaja mlango mwingine. Bunge lilipitisha sheria ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992, na mwaka 1994 chuo kikazinduliwa na kupokea wanafunzi wake wa kwanza, makamu mkuu wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Mtu akasoma nyumbani, akafanya mitihani kwenye kituo cha mkoa, bila kuacha kazi wala watoto. Chuo hicho nacho kikaweka kozi ya msingi kwa wale ambao sifa zao hazikutimia.

Mwaka 1997 ikatungwa sheria ya baraza la elimu ya ufundi, ambalo tangu mwaka 2021 linaitwa NACTVET. Baraza hilo liliweka madaraja: la 4 na la 5 kwa astashahada, la 6 kwa stashahada, na la 8 kwa shahada. Mwaka 2005 Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ikaanza kazi. Kwa mara ya kwanza tukawa na kitu kinachofanana na ngazi, chenye vidato vyenye namba. Lakini ngazi hiyo ina wasimamizi wawili, mmoja wa vidato vya chini na mwingine wa vya juu, na pale mikono yao inapokutana ndipo mguu wa mpandaji unapoteleza. Mwaka 2016 masharti yakakazwa ghafla: wastani wa alama za stashahada, ule tunaouita GPA, ukapandishwa hadi 3.5, na kozi za msingi zikasimamishwa. Baadaye GPA ikarudishwa 3.0, na kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria ikatambuliwa tena. Waliokuwa katikati ya ngazi mwaka ule wanajua maana ya kuning'inia.

Sasa nimgeukie binti yetu wa Picha ya Ndege, maana historia bila jibu ni hadithi tu.

Binti yangu, njia ipo. Mwongozo wa TCU unamtaka mwenye stashahada awe na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, yaani D au zaidi, na GPA isiyopungua 3.0. Hizo D zako nne, ulizokuwa ukizionea haya, ndizo msingi wa nyumba yako, zitunze. Baadhi ya vyuo hupandisha kiwango juu ya hapo, na hutaja ni stashahada zipi zinazokubalika kwa shahada ipi. Kwa hiyo usingoje kumaliza ndipo uulize. Chukua leo mwongozo wa chuo unachokitaka, tazama shahada ya sosholojia, uone kama stashahada ya maendeleo ya jamii imetajwa. Muhula uliobaki ndio wa kuivusha GPA.

Pili, kabla ya kuomba utahitaji namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET. Wengi huikumbuka siku mbili kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Tatu, fikiria fedha mapema. Miongozo ya miaka ya karibuni ya Bodi ya Mikopo imeweka ukomo wa umri wa miaka 35, na imetaka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Ukisema utafanya kazi kwanza miaka saba ukusanye ada, ujue mlango huo unaweza kufungwa nyuma yako. Nne, kama una mtoto au mama mgonjwa wa kumtunza, usidharau Chuo Kikuu Huria. Nacho kinafundisha sosholojia, na shahada yake ni shahada.

Na kwa wenzako ambao hawakupata D nne: wasikate tamaa kabla ya kusoma mwongozo. Mwenye tuzo ya ufundi stadi daraja la tatu naye anatambuliwa, hata kama masomo aliyofaulu kidato cha nne hayafiki manne, ili mradi apate stashahada yenye GPA hiyo ya 3.0. Maana yake, mtu anaweza kuanzia kwenye cherehani au kwenye nyaya za umeme akafika chuo kikuu. Safari ni ndefu, lakini imeandikwa. Upo pia utaratibu wa kutambua maarifa ambayo mtu ameyapata kazini, ambao umeshika nafasi ya ule mtihani wa zamani wa watu wazima. Tatizo ni kwamba haya yote yanajulikana na wachache. Katika vyuo vingapi utakuta yamebandikwa ukutani?

Sasa swali lako lenyewe: je, miaka yako itahesabiwa? Jibu la kawaida ni hapana. Stashahada yako itakufungulia lango, lakini ndani utaanza mwaka wa kwanza, upande pamoja na aliyetoka kidato cha sita. Mwaka mmoja wa astashahada, miwili ya stashahada, mitatu ya shahada, jumla sita baada ya kidato cha nne. Mwenzako wa kidato cha sita atatumia mitano. Na yale uliyofundishwa chuoni kuhusu mbinu za utafiti, jinsia, takwimu na uibuaji wa miradi, utafundishwa tena na utalipia tena.

Wenzetu wamefanya vingine. Huko Marekani, tangu chuo cha Joliet kilipoanzishwa katika jimbo la Illinois mwaka 1901, wamejenga vyuo vya jamii ambavyo mtu husoma miaka miwili karibu na kwao, kwa gharama ndogo, kisha huhamia chuo kikuu akaingia mwaka wa tatu. California iliuandika utaratibu huo katika mpango wake mkuu wa mwaka 1960. Si kwamba wote wanaofika huko wanavuka. Wengi huishia njiani, na somo moja moja hukataliwa mlangoni. Lakini kanuni yenyewe imekubaliwa, kwamba ulichosoma vizuri hakifutwi kwa kuhama jengo.

Wahadhiri wetu wana hoja, na si ya kupuuza. Wanasema stashahada ya maendeleo ya jamii inafundisha kutenda, na shahada ya sosholojia inafundisha kufikiri juu ya kutenda. Aliyehamasisha kijiji kuchimba kisima huenda hajakutana na Durkheim wala Weber, wala hajauliza kwa nini kisima kile kile kiliharibika baada ya miaka miwili na hakuna aliyekigusa. Wanasema pia kwamba vyuo havilingani, na GPA ya mahali pamoja si ya mahali pengine. Hayo ni kweli. Chuo kikuu kikifungua mlango bila mizani, kitakachoshuka thamani ni shahada yenyewe, na wa kwanza kuumia ni maskini aliyeuza shamba kuisaka.

Lakini mizani inatengenezwa. Asiyeamini kwamba binti huyu anazijua mbinu za utafiti, ampe mtihani wa somo hilo siku ya kwanza, ule ule wanaoufanya wa mwaka wa kwanza. Akifaulu, ahesabiwe. Akishindwa, akae darasani. Hilo halimdhulumu mtu wala halishushi kiwango. Lingemwokolea muhula mmoja, pengine miwili, na kwa mzazi anayelipa ada kwa fedha za mihogo na kuku, muhula mmoja ni shamba zima. Chuo na chuo wanaweza kukaa meza moja, wakalinganisha mitaala yao, wakaandika karatasi moja: somo hili la kwenu ni sawa na hili la kwetu, na hili si sawa. Kazi hiyo haihitaji mfadhili kutoka Nordic.

Jambo hili ni zaidi ya binti mmoja. Nenda kwenye ofisi yoyote ya kata. Afisa maendeleo ya jamii ndiye anayeandikisha vikundi, anayepokea mama aliyepigwa, anayesimamia mikopo ile ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwenye stashahada anaajiriwa kama msaidizi, mwenye shahada anaajiriwa kama afisa. Aliyesoma kwa njia ya mkato anaweza kumwongoza aliyeijua kata hiyo kwa miaka kumi, kwa sababu tu huyu wa pili hakupata nafasi ya kupanda. Halafu tunashangaa vikundi hewa vinatoka wapi, na mikopo isiyorudi inakwenda wapi. Elimu ya jamii tumeitenganisha na watu wanaoijua jamii.

Mwaka 1967 tuliambiwa kila hatua ya elimu iwe kamili yenyewe. Sawa. Cherehani imlishe mshonaji hata asipokanyaga chuo kikuu. Lakini hatua kuwa kamili si sawa na hatua kuwa na ukuta. Nyumba nzuri ina vyumba ambavyo mtu anaweza kukaa kwa raha, na ina milango kwa anayetaka kuingia chumba cha pili. Kivukoni, Kibaha, Musoma, Chuo Kikuu Huria: kila kizazi kilijenga chumba chake kwa nia njema. Kazi iliyobaki kwa kizazi hiki si kubwa kama ya wale waliofyeka pori la Tumbi. Ni ya fundi mmoja mwenye msumeno na bawaba. Tukiisha kuifanya, cheti kitakachotoka Kibaha au Kisarawe kitakuwa na mabawa ya kweli. Tusipoifanya, tutaendelea kuwagawia vijana wetu picha za ndege, na kuwalaumu kwamba hawaruki.